Mguu dhaifu ni huu, mguu wa ganzi ni ule

Mhariri,

Ukurasa wenu wa afya wa majuzi ulieleza kiharusi kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko nilivyowahi kuelezwa na mtu yeyote mwenye koti jeupe. Mwandishi alisema ubongo wa kushoto ndio unaoongoza upande wa kulia wa mwili, na wa kulia unaongoza kushoto, hivyo aliyepooza mkono na mguu wa kulia tatizo lake lipo kushoto kichwani. Hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na sentensi yake ya mwisho, kwamba upande uliopooza ndio huohuo unaokufa ganzi. Kwa mgonjwa wa kiharusi mara nyingi huwa hivyo. Kwa aliyeumia mgongoni inaweza kuwa kinyume, na sentensi ya namna hiyo ikishakaa katika kichwa cha mtu mwenye muhuri mkononi, mtu mwingine huitwa mwongo. Huyo aliyeitwa mwongo ni mimi.

Nilikuwa mgema huku Ganda, nje kidogo ya mji wa Malindi. Asiyeijua kazi hiyo hudhani ni kukwea tu. Mgema hupanda alfajiri na hurudi jioni, kwa maana karara lisipochongwa upya utomvu hukoma, na kibuyu kikikaa sana juu tembo huchacha. Kifaa chake ni kotama, kisu kilichopinda na kunolewa hadi kinyoe nywele za mkono. Ukiwa unakwea unahitaji mikono yote miwili, basi kotama hukaa kiunoni, nyuma. Ilikuwa msimu wa mvua, vidato vimeota utelezi. Nilianguka chali, na kotama ikaniingia mgongoni, kulia kidogo ya mfupa wa katikati, juu ya usawa wa kitovu.

Vijana waliokuja mbio walitaka kuichomoa. Mzee mmoja jirani, mvuvi, akawapigia kelele: “Wanangu, hiyo msiiguse, ndiyo kizibo!” Akavua shuka yake, akaisokota duara kuzunguka mpini usitikisike, akaagiza mlango wa banda ung'olewe. Nilibebwa kifudifudi juu ya ule mlango hadi kwenye pikapu, watu wanne wameshika pembe na wa tano ameshika kichwa changu kisigeuke. Madaktari walisema baadaye kwamba mzee yule alifanya kila kitu sawa. Sijui alifundishwa na nani. Ninachojua ni kwamba wengi wanaoanguka minazini huku kwetu hushikwa makwapa, wakasimamishwa, wakaulizwa “unaweza kutembea?”, kisha wakapakiwa katikati ya watu wawili juu ya pikipiki. Mfupa uliovunjika shingoni au mgongoni ukitikiswa hivyo unaweza kukikata kilichokuwa bado kizima. Shingoni ndiko kubaya zaidi, kwa kuwa neva zinazoendesha kiwambo cha pumzi, msuli wa kuvutia hewa, hutoka kwenye sehemu ya tatu, ya nne na ya tano ya ugwe wa shingo, ule uzi wa neva uliomo ndani ya mifupa. Ugwe ukikatika juu ya hapo, mtu hana tena pumzi yake mwenyewe.

Nikapelekwa Mombasa, nikafanyiwa upasuaji. Siku za mwanzo mguu wa kulia ulikuwa umelegea kama si wangu, na mkojo ulitoka kwa mpira. Halafu kidogo kidogo mguu ukaanza kukaza. Haukupata nguvu, ulikaza tu. Usiku ulikuwa ukiruka wenyewe, goti likijikunja bila kuamriwa, hadi mama mkwe akasema niko na kitu na aitwe mganga. Sikumlaumu. Mguu usiotii ukiuita mchana, halafu ukacheza wenyewe usiku, unamfanya hata mtu aliyesoma atafute maelezo mengine.

Maelezo niliyapata nyumbani. Binti yangu anasomea uuguzi, na likizo moja alikuja na kitabu chake cha mwili wa binadamu. Mimi niliishia kidato cha nne, lakini mtu aliyelala muda mrefu ana nafasi ya kusoma. Tulikipitia ukurasa baada ya ukurasa, yeye akichora kwa kalamu kwenye mgongo wangu mwenyewe na mke wangu akisimama mlangoni akicheka.

Ndani ya pingili za uti wa mgongo mna ugwe, laini, mwembamba kama kidole cha mwisho, urefu wake kwa mwanamume sentimita 45 hivi. Haufiki hadi chini. Unaishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na kutoka hapo ni mafungu ya neva tu yanayoteremka. Jozi 31 za neva hutoka kwenye ugwe huo, kulia na kushoto. Kila neva ina mizizi miwili pale inaposhikana na ugwe. Mfaransa François Magendie alionyesha mwaka 1822 kwamba mzizi wa mbele hupitisha amri za kusogea na mzizi wa nyuma huingiza hisia. Yaani kuhisi na kusogea vimetengana tangu mlangoni. Hilo peke yake lingetosha kumzuia mtu asiseme “mguu wako unahisi, basi ni mzima.”

Soko la Malindi lina fundi viatu aliyeugua polio utotoni. Mguu wake umekonda na umelegea, lakini nzi akitua juu yake anajua. Polio huua seli za mbele ya ugwe, zile zinazoamrisha misuli, na huacha njia za hisia. Wa kisukari naye huanza kwa kufa ganzi nyayo zote mbili huku akitembea vizuri, kwa sababu kwake zinaanza kuharibika neva ndefu zilizo mbali, nje ya ugwe. Mimi si kama hawa wawili. Mimi nina mguu wa kulia dhaifu unaohisi maumivu na moto sawasawa, na mguu wa kushoto wenye nguvu usiojua moto ni nini. Kuanzia kitovuni kushuka, upande wa kushoto, pini haichomi na barafu si baridi. Siku moja kaa lilidondoka jikoni likaingia kati ya unyayo wa kushoto na patipati. Nilikuwa nasuka makuti, nikasikia harufu, nikamwuliza mke wangu ni nyama gani anayochoma. Alipoinua macho akaona moshi unatoka mguuni kwangu.

Binti yangu alinieleza hivi. Amri ya kusogeza mguu wa kulia huanzia sehemu ya juu ya ubongo wa kushoto. Inateremka hadi kwenye shina la ubongo, pale kichwa kinapokutana na shingo, na hapo nyuzi nyingi, kama asilimia 85 hadi 90, huvuka kwenda upande wa pili. Zikishavuka hazivuki tena. Hushuka kwenye ugwe upande wa kulia hadi kwenye seli zinazoendesha mguu wa kulia. Kwa hiyo mgongoni, mguu wa kulia unaongozwa na nusu ya kulia ya ugwe. Kotama ilikata kulia, mguu wa kulia ukakosa amri. Hapa kila mtu anaelewa haraka.

Sasa maumivu na joto. Habari za kuungua kwa mguu wa kushoto huingia kwenye ugwe kwa kushoto, kwa mzizi wa nyuma. Lakini hazingoji kufika kichwani ndipo zivuke. Huvuka papo hapo, ndani ya ugwe wenyewe, pingili moja au mbili tu juu ya zilikoingilia, kisha hupanda kwa upande wa kulia hadi kwenye kituo kiitwacho thalamasi ndani ya ubongo, na kutoka hapo kwenda juu. Zilipopanda kutoka mguu wangu wa kushoto zikakuta njia imekatwa, upande uleule wa kulia ambako amri za mguu mwingine zilikuwa zikiteremka. Kidonda kimoja kikazifunga njia mbili za miguu miwili tofauti.

Na kuna njia ya tatu, hiyo ndiyo iliyonichosha akili. Kujua kiungo kimekaa wapi bila kukitazama, na kuhisi mguso mwepesi au mtikisiko, kuna nyuzi zake: nene, za haraka, zinazopitisha habari kwa makumi ya mita kwa sekunde, wakati maumivu ya polepole, yale ya kuungulika baada ya kujikwaa, husafiri chini ya mita mbili kwa sekunde. Nyuzi hizo nene hupanda nyuma ya ugwe, upande uleule zilikoingilia, hadi kwenye shina la ubongo, na huko ndiko zinakovukia. Kwa hiyo ni mguu wa kulia, ule dhaifu, uliopoteza habari hizo. Nikifumba macho, binti yangu akishika kidole gumba cha kulia akakikunja juu au chini, mimi nabahatisha tu. Mchana natembea kwa fimbo vizuri kwa sababu macho yananisaidia. Stima ikikatika nakaa palepale nilipo. Mguu upo, ila sijui nimeuweka wapi. Nikijikwaa kwa mguu huohuo maumivu yanafika bila shida, kwa hiyo najua nimeumia kabla sijajua kidole kiko kwenye jiwe gani.

Jambo hili lote lina jina la mtu, na mtu huyo si wa mbali na sisi. Charles-Édouard Brown-Séquard alizaliwa mwaka 1817 Port Louis, kisiwani Morisi, katika bahari hiihii. Baba yake alikuwa nahodha wa meli Mmarekani, mama yake wa asili ya Kifaransa, naye akaunganisha majina ya wote wawili. Katikati ya karne ya 19 wataalamu wengi waliamini hisia zote hupanda kwa nyuma ya ugwe. Yeye akakata nusu ya ugwe wa wanyama, akaonyesha kwamba upande uliokatwa hupooza na upande wa pili ndio unaokosa maumivu. Mwaka 1854 kipindupindu kilipoingia Morisi alirudi kwao kuuguza watu. Uzeeni, mwaka 1889, alijidunga maji yaliyokamuliwa kutoka korodani za wanyama akatangaza amekuwa kijana tena, na dunia ikamcheka. Mimi simcheki. Aliyonena kuhusu mguu wangu yalikuwa kweli miaka mingi kabla mimi sijazaliwa.

Turudi kwenye muhuri. Nilikwenda kupimwa ili niandikishwe kama mtu mwenye ulemavu. Mahali penyewe sitapataja. Aliyenipima alinichoma pini mguu wa kulia, nikaruka. Akanichoma wa kushoto, nikanyamaza. Akanichoma tena kwa nguvu, akanitazama usoni kama anayesubiri nicheke.

“Mzee, mguu mgonjwa ndio unaohisi, na mguu mzima ndio uliokufa ganzi?”

Nikamwambia ndivyo ilivyo.

“Umechanganya pande, mzee. Nenda ukajipange, urudi.”

Waliokuwa kwenye benchi walicheka, na mimi si wa kuwalaumu, kwa namna alivyolisema lilichekesha. Lakini tazama alichokuwa amefanya. Alikuwa amegundua kwa pini ya senti chache dalili ambayo vitabu vya udaktari vinaieleza kwa kurasa nzima, dalili ambayo hakuna mgema anayeweza kuibuni. Mtu akitaka kudanganya atasema mguu mmoja haufai kwa lolote, hausogei wala hauhisi. Nani wa kijijini atakaa chini atunge uongo wa kwamba moto haumuumizi kwenye mguu anaosimamia?

Na alikuwa na njia ya kunihakikisha bila kuniuliza neno. Binti yangu aliifanya nyumbani kwa ufunguo wa mlango. Unakwaruza unyayo polepole, kutoka kisigino, ukingo wa nje, hadi chini ya vidole. Mguu wa kushoto kidole gumba kilikunjika chini. Wa kulia kikainuka juu, na vidole vingine vikatanuka. Joseph Babinski aliieleza alama hiyo huko Paris mwaka 1896, na maana yake ni kwamba njia ya amri kutoka ubongoni imedhurika. Mtu hawezi kuiigiza kwa ustadi, hasa asipojua inatakiwa iweje. Mjukuu wangu mchanga naye tulimkwaruza, kidole gumba kikainuka pande zote mbili, bibi yake akashtuka. Binti akamtuliza: “Mama, wachanga wote wako hivyo, njia yao ya amri haijapevuka bado.” Wengi huacha kabla ya kutimiza miaka miwili. Kwa mtoto ni umri, kwangu mimi ni kotama.

Hata kule kuruka kwa mguu usiku, kulikotaka kutuletea mganga, kunatokana na hilo. Misuli yangu na seli za ugwe zinazoiamrisha bado ni nzima, tofauti na za yule fundi viatu. Kilichokosekana ni sauti ya juu inayozituliza. Zikiachwa peke yake huitikia kila kitu kwa pupa: shuka ikigusa unyayo, kibofu kikijaa, mguu unakunjika. Mtaalamu wa fiziotherapia hupima hilo kwa kunyoosha goti haraka na kwa kugonga chini yake kwa nyundo ya mpira. Nyundo hiyo niliiona mezani kwa yule aliyenipima. Ilikuwa imelalia faili.

Kulikuwa na daktari wa pili, miezi kadhaa baadaye, mwanamke kijana. Alinifumba macho kwa leso. Akanigusa kwa pamba, akanichoma kwa pini kidogo tu, akaweka uma wa mlio, chuma kinachotetema kikigongwa, kwenye kifundo cha kila mguu akaniuliza kama unatetema, akanigusa kwa kijiko kilichotoka kwenye maji baridi. Akateremka ubavuni pingili kwa pingili akitia alama kwa kalamu. Pale kulia, karibu na kovu, alikuta ukanda mwembamba wa ngozi usiohisi chochote, jambo ambalo hata mimi sikuwa nalijua, maana nani hujichoma pini ubavuni? Akasema ukanda huo ndipo kotama ilipoharibu vyote kwa pamoja, mlango na njia. Hakutumia mashine yoyote. Alitumia muda, akaandika.

Kwa hiyo ombi langu kwenu, Mhariri, ni mchapishe marekebisho, na kama nafasi ipo mchapishe na mchoro. Mchoro wenyewe si mgumu: mistari mitatu kwa kila upande, na mahali kila mmoja unapovukia. Ombi la pili ni kwa wanaopima ulemavu katika kaunti zetu za pwani, ambako watu huanguka minazini, huanguka kwenye majahazi yanayojengwa Lamu, huanguka kwenye pikipiki, na wengine huchomwa visu. Majeraha ya nusu ya ugwe kamili, kama langu, si mengi, lakini ya sehemu ya ugwe ni mengi, na wenye namna hii ndio mara nyingi hurudi kutembea. Anayetembea kwa fimbo ndiye anayedhaniwa amepona. Fomu ikiwa na kisanduku kimoja tu cha “anahisi/hahisi” na kingine cha “anasogea/hasogei”, mguu wangu wa kushoto hauna pa kuandikwa. Maumivu na joto viandikwe kando, mkao wa kiungo na mtikisiko kando, nguvu kando, na kila kimoja kwa kulia na kwa kushoto.

Kwa wagema wenzangu nina neno fupi. Kotama iteremsheni kwanza kwa kamba, pamoja na kibuyu, kabla ninyi hamjaanza kushuka. Wazee watasema ni woga. Waacheni waseme.

Na kama kuna mkufunzi wa wauguzi au wa matabibu hapa Malindi anayetaka wanafunzi wake waone jambo hili kwa macho badala ya kulikariri kwa ajili ya mtihani, anikaribishe darasani. Nitavua viatu mbele yao wote. Waje na pini mpya, pamba, ufunguo na uma wa mlio. Wakileta maji ya moto, wayapime kwanza kwa mikono yao wenyewe, kwa sababu mguu wangu wa kushoto utayakubali yakiwa yanachemka.

Aliyekuwa mgema,
Ganda, Malindi
(Jina limehifadhiwa)